Mtandao Uliokufa Kila Siku Saa Tisa na Nusu

Kwa siku tisa, mtandao ulikuwa unakufa ndani ya nyumba yangu saa tisa na nusu alasiri.

Saa kumi na moja unafufuka wenyewe.

Haukufa asubuhi hata siku moja. Haukufa jioni. Ni saa ileile, kama mtu aliyeajiriwa na anaogopa kufukuzwa.

Kwa sababu ya jambo hilo mjukuu wangu alikaribia kuitwa mwongo chuoni kwake, na mimi nikamgombeza jirani ambaye hajawahi kunikosea. Naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, miwani inateleza. Mtanivumilia.

Naitwa Anyesi. Nina miaka sabini na mitatu. Nakaa juu ya mji wa Mkuu, Rombo, ubavuni mwa mlima, kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, alichoniachia marehemu mume wangu. Kuna migomba, kahawa kidogo na ng'ombe mmoja mwenye dharau.

Zita ni mtoto wa binti yangu. Nimemlea mimi tangu akiwa na miaka minne. Sasa anasoma shahada ya pili ya mambo ya kompyuta, na amepanga chumba Majengo, Moshi mjini.

Mwezi wa kwanza mwaka huu alipanda kuja kwangu na kiboksi cheupe, ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Wenyewe wanakiita ruta. Alikiweka kwenye dirisha la chumba cha nyuma, kwa sababu ni pale tu kwenye nyumba yangu mnara wa simu unapoonekana. Pembeni akaweka kompyuta ndogo na betri, ili umeme ukikatika visizime.

Akanishika mikono yote miwili.

"Bibi, hiki ndicho shahada yangu. Usikizime, usichomoe waya, usimruhusu mtu akichezee."

Nikamwambia nimelea watoto sita, sitashindwa kulea kiboksi.

Nilimuuliza kinafanya nini. Zita si mchoyo wa maneno, alikaa akanieleza.

Alisema kompyuta iliyo kwangu inatuma mzigo kwenda kwa kompyuta iliyo chumbani kwake Majengo. Mzigo ule haupiti mzima. Unakatwa vipande vidogo, vinaitwa pakiti, na kila pakiti ina namba yake. Ya Majengo ikipokea inajibu: nimepata namba fulani. Ya huku ikisikia majibu yanarudi vizuri, inaongeza mwendo kidogo kidogo. Majibu yasiporudi, inajua njia ina msongamano, inakata mwendo nusu kwa nusu, halafu inaanza kupanda tena taratibu.

Nikamwambia, "Kumbe ni kama kufungulia maji ya mfongo."

Mfongo ni mfereji wetu wa kumwagilia mashamba, wale wa nje ya huku labda hawaujui. Ukifungulia maji kwa pupa, kingo zinabomoka. Unafungua kidogo, unaangalia, unaongeza.

Alicheka akasema ni hivyohivyo.

Kazi yake yeye ilikuwa kutengeneza kanuni ya hesabu. Ukiipa kanuni hiyo umbali na wingi wa watu walioko njiani, ikuambie mapema mzigo utafika kwa kasi gani. Halafu apime kasi ya kweli, aone kama hesabu na ukweli vinalingana. Vikilingana kwa wiki mbili, ameshinda. Visipolingana, lazima aeleze kwa nini.

Mimi nikauliza swali moja tu. "Na kama majibu hayajarudi, kompyuta inajuaje kuwa ni msongamano? Huenda kipande kimeliwa na panya."

"Haijui, Bibi. Inadhani tu. Ndivyo ilivyofundishwa."

"Basi ni mjinga huyo."

"Ndiye anayeendesha dunia nzima," akasema, akaondoka.

Siku tatu za mwanzo, Jumatatu mpaka Jumatano, mambo yalikwenda vizuri. Zita alinipigia kila jioni kwa furaha. Hesabu inasema hivi, kipimo kinasema hivyohivyo.

Alhamisi akapiga sauti imebadilika. Aliniuliza kama umeme ulikatika. Haukukatika. Aliniuliza kama nilizima ruta. Sikuzima.

Ijumaa ikawa hivyohivyo. Jumamosi tena.

Saa tisa na nusu kasi inaporomoka, pakiti zinapotea ovyo, kompyuta inakata mwendo nusu, inakata tena nusu, mpaka mzigo unatambaa kama kinyonga. Saa kumi na moja unarudi kama hakuna kilichotokea. Na kanuni ya Zita inasema saa hiyo njia ni nyeupe, hakuna msongamano wowote.

Jumapili mtandao ulitulia siku nzima.

Jumatatu ukafa. Jumanne ukafa.

Sijui kama mmewahi kuulizwa swali moja mara ishirini. Umezima? Sijazima. Umechomoa? Sijachomoa. Kuna mtu amegusa waya? Hakuna. Siku ya Jumanne nilimjibu kwa ukali, naye akakata simu bila kuniaga. Tangu nimlee hajawahi kunikatia simu.

Ilinikaa rohoni.

Kesho yake alinipigia kuomba radhi, ndipo akaniambia ukweli wote. Msimamizi wake chuoni, Dokta Ebenezeri, ameona zile namba na hazimpendezi. Amesema mtandao wa kweli haufi kwa ratiba. Ni namba za kutunga ndizo zinazokuwa na ratiba. Amempa mpaka Ijumaa ya wiki inayofuata. Aeleze ile saa, au vipimo vyote vitupwe aanze upya mwezi wa tisa.

Na ufadhili wake unaisha mwezi wa sita.

Kuanza upya mwezi wa tisa maana yake ni kutoanza kabisa. Nilimwelewa kabla hajamalizia.

Jumatano hiyohiyo chuo kilimtuma fundi, kijana anaitwa Lucky, kaptula na kofia nyuma mbele. Alifika saa nane. Alinisalimia shikamoo vizuri, akavua viatu mlangoni, hilo nilimpendea. Akapanda juu ya bati, akashuka, akapima waya, akatikisa kichwa.

Nilimkarangia mayai, nikapika chai ya maziwa, nikamwekea na ndizi mbivu. Nikamletea kwenye sinia langu kubwa la alumini, akala ametulia macho yapo kwenye simu.

Saa tisa na nusu ikafika. Mtandao ukapita kama maji.

Saa kumi. Bado unatiririka.

"Bibi, hapa mbona freshi tu," Lucky akasema. "Huyu mjukuu wako anatuzingua."

Nikamwambia asimseme hivyo mtoto wangu, yeye amemaliza mayai manne.

Alicheka, akaomba msamaha, akaongeza chai. Lakini aliandika kwenye karatasi yake: hakuna tatizo. Karatasi ile ilikwenda moja kwa moja kwa Dokta Ebenezeri.

Alhamisi, saa tisa na nusu, ukafa.

Zita alilia kwenye simu. Mimi nilikuwa nimesimama ukumbini na simu sikioni, na kwa mara ya kwanza nilianza kufikiri kwa hasira. Hasira ni mwalimu mbaya, ila siku ile nilijiona nina akili kweli.

Nikajiuliza: ni nani hafanyi kazi Jumapili?

Melkior.

Melkior ni jirani yangu, mtu wa miaka hamsini na kitu. Anachomelea mageti na madirisha. Karakana yake inatazamana na dirisha langu la nyuma, masale ya mpaka, ile mimea yetu ya ua, yako katikati. Alasiri ndipo anapochomelea, asubuhi anakata vyuma. Jumapili anafunga. Na ile Jumatano ya Lucky, nakumbuka kabisa, hakuchomelea. Alikuwa anapaka rangi, harufu ilifika mpaka jikoni.

Nilimweleza Zita. Akasema mashine ya kuchomelea inaweza kweli kuvuruga mawimbi. Nikasikia pumzi yake imebadilika. Alikuwa amepata mtu wa kumlaumu, na mimi ndiye niliyempa.

Sikusubiri hata kufunga mlango. Nilivuka nikamkuta Melkior ameinama kwenye geti, cheche zinaruka.

Nilimwambia maneno ambayo mtu mzima hapaswi kumwambia jirani mbele ya wateja. Nilimwambia anaua shahada ya mtoto wa watu kwa sababu ya vyuma vyake. Nilimwambia na marehemu mume wangu alijua kuwa ana roho ya kutojali. Hilo la mwisho nililitunga palepale.

Alivua miwani yake myeusi, akanitazama.

"Mae, unataka nifanye nini?" Mae kwetu ni mama.

Nikamwambia azime mashine alasiri.

Akainama akazima. Wateja walikuwa wamesimama.

Ijumaa hakuchomelea alasiri. Jumamosi hakuchomelea. Jumatatu hakuchomelea. Alikuwa na kazi ya madirisha ya watu, na alikaa tu kwenye kigoda chake akisugua kutu kwa mkono.

Na Ijumaa mtandao ulikufa. Jumamosi ulikufa. Jumatatu ulikufa.

Jumapili katikati, ukapona.

Hapo niliishiwa kabisa. Nilikaa kitandani nikatamani kile kiboksi nikitupe kwenye mfongo kiende na maji mpaka Kenya.

Jumatatu jioni Zita akapiga. Sauti ilikuwa kavu, haina machozi tena.

"Bibi, nimeamua. Nitaifuta ile saa. Nitaandika kuwa umeme ulikuwa unakatika."

"Ulikatika?"

"Haukukatika."

"Basi."

"Bibi, hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua, na wewe utajua. Tutakuwa wawili, si hakuna."

Akasema kwa hasira kwamba mimi sijui maisha ya sasa. Nikamwambia ni kweli siyajui, ila aje nyumbani akae mwenyewe na kiboksi chake, kabla hajaandika kitu ambacho hatuwezi kukifuta.

Jumanne saa sita akawa amefika. Amekonda. Alikaa sebuleni na kompyuta yake, maana pale meza ipo. Mimi niliingia jikoni nikampikia ndizi na nyama, nikamwandalia kwenye sinia kama mgeni, tukala pamoja taratibu. Alikuwa anatafuna na jicho liko kwenye kioo cha kompyuta.

Saa tisa na nusu, hakuna kitu. Saa kumi, hakuna. Saa kumi na moja, hakuna.

"Unanichukia mtandao huu," akasema, akaweka uso mezani.

Nikamgusa mgongo.

Jumatano nikaanza tena kuandaa sinia. Akanikataza. Akasema yeye si mgeni, asiandaliwe. Akaja jikoni, akala kwenye sufuria akiwa amesimama, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo, akarudi sebuleni.

Nikaosha vyombo. Jua likageuka, likaanza kuingia upande wa nyuma.

Nami nikaenda kufanya kazi yangu ya kila siku.

Baada ya dakika moja nikasikia kiti kimeanguka sebuleni.

"Imeshuka! Bibi, imeshuka, njoo uone!"

Mimi nilikuwa bado chumba cha nyuma. Akaja anakimbia, akasimama mlangoni.

Alinitazama. Akatazama dirisha. Akanitazama tena.

"Bibi, hiyo nini?"

"Sinia."

"Naona ni sinia. Linafanya nini hapo?"

"Linakinga jua."

Akasogea polepole pale lilipoegemea kioo, akaliinua. Chini ya sinia palikuwa na jani bichi la mgomba, limekunjwa mara mbili, nimelinyunyizia maji. Chini ya jani palikuwa na ruta, imepoa vizuri kama chungu cha maziwa.

"Tangu lini?"

"Tangu Alhamisi ile ya kwanza. Nilikuja kufuta vumbi nikakigusa, kikaniunguza kidole. Jua la alasiri linakipiga chote. Nikakionea huruma. Nakifunika, jua likienda nyuma ya mlima nakifunua, ndipo nakwenda kukamua."

"Kila siku?"

"Kila siku. Labda sinia liwe na kazi. Jumapili jumuiya ya kanisa inasali kwangu mwezi huu, sinia linabeba chai. Siku ya Lucky pia. Na jana yako."

Zita alikaa chini sakafuni.

"Bibi, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama nimezima. Sijazima. Uliniuliza kama nimechomoa. Sijachomoa."

Alianza kucheka, kisha kicheko kikageuka, akalia, akacheka tena. Nikakaa naye pale chini, magoti yananiuma. Aibu niliyoisikia siwezi kuieleza. Siku zote zile nilikuwa nalaani mwizi, na mwizi ni mimi, nimebeba jani la mgomba.

Alipotulia akanieleza. Alumini inazuia mawimbi, na jani lenye maji linakula yaliyobaki. Pakiti zilikuwa zinapotea palepale dirishani kabla hata hazijaanza safari. Kompyuta haisikii majibu, inadhani njia imejaa, inakata mwendo, wakati njia ni tupu kabisa. Na kanuni yake yeye Zita ilihesabu msongamano peke yake. Haikujua kuna kupotea kwa namna nyingine.

"Yaani kanuni yangu ilikuwa mjinga kama kompyuta," akasema.

Alimpigia Dokta Ebenezeri saa hiyohiyo, akaweka sauti kubwa nisikie. Akaeleza yote mpaka jani.

Dokta alipojibu hakuwa mkali, na hilo liliniumiza zaidi.

"Zita, na mimi nilikuwa na bibi. Angesema lolote aniokoe. Sina shaka ukifunika ruta leo itasumbua. Mimi nauliza siku zile tisa. Nani mwingine aliona imefunikwa? Kama ni neno la bibi yako tu, siwezi kulipeleka mbele ya wenzangu. Ijumaa ni keshokutwa."

Akaaga kwa heshima, akakata.

Tulikaa. Ukweli tunao mkononi na hauna kazi.

Hapo sasa nikamkumbuka Melkior. Si kwa ajili ya ushahidi, sikuwa na akili hiyo. Nilikumbuka kigoda chake na mikono yake ikisugua kutu siku tatu kwa kosa langu.

Alhamisi asubuhi nikavunja jani la isale kwenye yale masale ya mpakani. Kwetu Uchagani ukimkosea mtu ukampelekea isale, amepokea, yameisha. Hakuna anayelikataa. Lakini kulibeba si kazi ndogo. Hatua arobaini kutoka kwangu mpaka kwake niliziona kama kupanda kilele cha Mawenzi. Zita alinifuata nyuma.

Nilimpa kwa mikono miwili. Nikamwambia nimemkosea mbele ya watu, basi naomba radhi mbele ya mjukuu wangu, na wale wateja akinipa majina nitawafuata mmoja mmoja. Nikamwambia na lile la marehemu mume wangu nilitunga.

Akalipokea. Akasema yale ya marehemu alijua ni ya kutunga, maana marehemu mwenyewe alikuwa anakuja kujificha karakanani kwake nikimkasirikia.

Tukacheka kidogo. Zita akamwambia habari ya sinia.

Melkior aliacha kucheka.

"Kwani lile sinia si ndilo lilikuwa linadaka mtandao?"

"Unasemaje?"

"Kila alasiri naliona pale dirishani, linang'aa mpaka linanipiga machoni. Nikajua ndiyo antena ya kisasa aliyoleta Zita. Siku ile ulipokuja kunigombeza, nikasema moyoni, labda cheche zangu zinaliharibu hilo sinia. Ndiyo maana nilizima."

Nikamuuliza mbona siku ile hakusema kitu kuhusu sinia.

"Ulinipa nafasi, mae?"

Nikakubali kwamba sikumpa.

Akatoa simu mfukoni, akaifuta kwenye suruali. Akasema yeye kila kazi akimaliza anaiegemeza pale kwenye masale, anaipiga picha, anamtumia mwenye nayo. Akamwonyesha Zita geti. Geti zuri, la maua.

Na nyuma ya geti, juu ya masale, dirisha langu. Na ndani ya dirisha, mwanga mweupe wa duara, kama mwezi umeshuka mchana.

Zita alimpokonya simu bila kuomba. Melkior hakumzuia.

Zilikuwa picha za siku saba. Simu imeandika tarehe na saa ya kila moja, zote za alasiri. Siku tano mtandao ulipokufa, sinia lipo. Jumatano ile ya Lucky, geti lenye rangi mbichi, dirisha jeusi, sinia halipo. Na Jumanne ile ya mwanzo kabisa, kabla sijakionea huruma kiboksi, dirisha tupu.

Zita alizituma zote kwa Dokta pamoja na jedwali lake. Tukakaa karakanani tukisubiri. Melkior alitufanyia chai kwenye kikopo cha rangi kilichooshwa, tukanywa.

Saa sita simu ikaita. Dokta aliomba kuongea na mimi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba kuuliza. Ulikuwa unatanguliza jani au sinia?"

"Jani kwanza. Sinia ni la kulizuia lisipeperuke."

"Na jani lina maji?"

"Lazima liwe na maji. Kavu halipoozi."

Nikamsikia anaandika. Akanishukuru, akasema anaomba radhi kwa yale maneno kuhusu bibi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ni kweli ningeweza kudanganya kwa ajili ya Zita, ila siku hii sikuhitaji.

Akamwambia Zita zile siku tisa zisifutwe. Zibaki zote. Kanuni ndiyo ibadilishwe, itenganishe kupotea kwa msongamano na kupotea kwa kuzuiwa, halafu apime tena wiki moja akifunika na kufunua kwa saa anazopanga yeye.

Hiyo wiki moja nilikuwa mfanyakazi wa chuo. Zita anapiga simu, "Bibi, funika." Nafunika. "Bibi, funua." Nafunua. Ng'ombe alilalamika kukamuliwa kwa kuchelewa.

Alitetea kazi yake mwezi wa tano. Walimsumbua saa mbili nzima, wakampa marekebisho mengi, amerekebisha, wamepitisha. Kitabu chake nimeletewa. Sielewi hata ukurasa mmoja, isipokuwa ule wenye picha ya geti la Melkior. Melkior amenunua fremu, amebandika ukurasa ule karakanani, anawaambia wateja kazi zake zinasomwa chuoni.

Mimi nimebaki na jambo moja linalonikera mpaka leo, ndilo lililonifanya niandike.

Siku zote zile tulikuwa tunatafuta nani anaharibu. Fundi alimtafuta, Dokta alimtafuta, Zita alimtafuta, na mimi nikamtafuta kwa kelele kuliko wote. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani anayekitunza kile kiboksi, na anakitunza vipi. Swali hilo ningelijibu siku ya kwanza, tena kwa majivuno.

Na Melkior, aliyekuwa na jibu mfukoni, tulimwomba kitu kimoja tu: azime.

Kama kuna kitu kinaharibika nyumbani kwako kila siku saa ileile, usianze kumtafuta adui. Anza na yule anayekipenda. Kaa naye, muulize kwa upole, akuonyeshe anavyokipenda.